Choo cha Waombolezaji

Kama umeambiwa una ugonjwa usiopona, jihadhari kwanza na watu wanaoingia chumbani kwako kwa kunyata. Wanafungua mlango taratibu, wanalaza kichwa upande, wanakuuliza kwa sauti ya kanisani, "Unaendeleaje?" Kabla hujafungua mdomo wameshajijibu wenyewe: "Mungu ni mwema." Mimi ugonjwa ulikuwa kwenye kizazi. Masikio yalikuwa mazima, na akili pia, ingawa hilo hakuna aliyetaka kuliamini.

Naitwa Felista, wengi wananiita Mama Evarist. Nimeshona nguo Majengo, mjini Moshi, tangu usichana wangu mpaka nilipofiwa na mume wangu, nikapanda na cherehani yangu kuja kukaa Kirua Vunjo kwenye kihamba chetu. Kihamba ni shamba la migomba na kahawa ambamo Mchaga hujenga, huzaa, na huzikwa. Nina watoto wawili. Evarist, kifungua mimba, ana duka la spea za magari Dar es Salaam. Honorata ameolewa Pasua, hukohuko Moshi, na anauza mitumba sokoni. Nawapenda wote wawili, na hapa nitawasema wote wawili, mmoja zaidi ya mwenzake.

Habari za chembechembe na hatua za saratani waulizeni madaktari. Mimi nitawasimulia habari za mabenchi, ndoo, na ndugu.

Ilianza msimu wa kuchuma kahawa. Damu ilinitoka wakati umri wa kutokwa damu ulishapita, nami nikajidanganya kwa miezi kadhaa, kisha Honorata akaniburuta hospitali. Kwenye benchi lile kila mtu ni daktari isipokuwa daktari, maana huyo hajafika. Mmoja aliniambia ninywe mkojo wa mbuzi mweusi. Mwingine alikuwa na unga wa mizizi kwenye chupa ya sosi, ameukinga kwa kanga kama mali ya wizi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na mumewe. Kila muuguzi alipomuuliza mama, "Unaumwa wapi?" mume ndiye aliyejibu. Alijibu mpaka lini mkewe alipata hedhi ya mwisho, na alikosea. Niliona mama yule akimtazama, halafu akatazama sakafu. Nikajiapia moyoni kwamba mimi hilo halitanipata, na kumbe lilikuwa njiani linakuja.

Mionzi nilichomwa Dar, wakati wa vuli. Nililala kwa Evarist. Ngozi ya mapajani iliungua, tumbo likawa linafunguka bila kunipa taarifa, na harufu ikanitoka ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu aliye hai. Mkwe wangu alifungua madirisha yote akasema ni joto la Dar. Alikuwa na adabu ya kusingizia joto, na hilo namshukuru. Kulikuwa na mama wa Kondoa aliyetibiwa pamoja nami, tukisubiri zamu kwenye viti vya chuma. Aliona ninavyokaa upande, akavua mtandio wake, akaukunja mara nyingi, akaniwekea chini. Alibaki kichwa wazi mbele za watu, mwanamke wa Kiislamu wa umri wangu. Sikumwona tena baada ya hapo na sijui kama yu hai.

Masika nilirudi mlimani. Nilinenepa kidogo, nikashona mapazia, watu wakasema nimepona. Baridi ya Juni ilipoingia, nyonga ikaanza. Maumivu yale yalinikaa ndani ya mfupa na hayakujua kulala. Evarist alikuja kunipeleka kwa daktari, na daktari, baada ya kuangalia picha, akamwita Evarist nje. Nilibaki kitandani nikiwaona kupitia kioo cha mlango. Mwanangu alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayetajiwa bei ya gari bovu. Akaingia anatabasamu.

"Wamesema ni vidonda vya mionzi tu, Mama. Vitaisha."

"Mwite daktari."

"Ana wagonjwa wengi, Mama."

"Na mimi ni mmoja wao. Mwite."

Daktari alipoingia nilimuuliza, "Baba, hii nyonga ni yangu au ni ya huyu kijana?" Aliona aibu, na ni vizuri aliona. Alivuta kiti, akakaa, akaniambia kwamba ugonjwa umerudi, umeingia kwenye mifupa, hawataweza kuuondoa, lakini maumivu wanayaweza. Nililia. Kisha nikamwambia Evarist anipeleke nyumbani.

Ndipo nikakabidhiwa kwa watu wa tiba shufaa, wale wanaomfuata mgonjwa nyumbani wakati hospitali imeishiwa la kufanya. Kwetu alikuwa akija Zuhura, muuguzi, mtoto wa Majengo, ambaye niliwahi kumshonea sketi za shule. Alipanda Kirua kwa bodaboda, akanywa chai yangu, akaniletea mofini ya maji. Wiki ile nililala usingizi nilioutamani tangu baridi ianze. Mofini inafunga choo, jamani, mwambieni muuguzi mapema awape na dawa ya kulainisha, msione haya kama mimi.

Usingizi wangu haukumfurahisha kila mtu. Shemeji Aloyce, mdogo wake marehemu mume wangu, ambaye kila jioni hurudi kutoka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, akishika mgomba mmoja baada ya mwingine, alikuja kunionya juu ya dawa za kulevya.

"Shemeji, hiyo kitu itakuzoea."

"Ikinizoea itanifanya nini? Itaniharibia uzee?"

Aliondoka amenuna. Majirani nao walisema mofini ni ya kummaliza mtu upesi. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa nami saa moja nikilia. Walikuwa wanakuja nikiwa nimetulia, wanakula ndizi zangu, wanaeneza habari.

Zuhura ndiye aliyeniuliza swali ambalo ukoo mzima ulikuwa unalikwepa. "Mama, ikifika siku umezidiwa, huwezi kusema, nani aseme kwa niaba yako? Na aseme nini?" Aliuliza huku ananipima presha, kwa sauti ileile aliyoombea sukari ya chai. Nikagundua kwamba jibu nilikuwa nalo siku nyingi. Aseme Honorata. Aseme Mama abaki kitandani kwake, karibu na dirisha linaloelekea migomba. Kinachoweza kutibiwa hapa nyumbani kitibiwe. Nisichomekwe mipira, nisisafirishwe kwenda kufia barabarani, na dawa ya maumivu isikosekane.

Nikampigia Evarist simu. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye neno kufa.

"Mama, usiongee hivyo. Huo ni uchuro."

"Uchuro ni wa bundi. Mimi napanga mambo yangu."

"Mtandao unakatakata, Mama," akasema, na mtandao ukakatika palepale.

Basi vuli ikaja, na pamoja na vuli likaja lori. Mawe, saruji, nondo, rangi. Mafundi wakaanza kumwaga zege kwenye njia yetu ya udongo kutoka barabara kubwa mpaka uani. Nyumba ikapakwa rangi ya krimu. Geti likabadilishwa. Nilimpigia Evarist kumuuliza, akasema, "Tunakuboreshea makazi, Mama." Nililia kwa furaha, niseme ukweli. Nilimwambia kila aliyeingia kwamba mwanangu amenikumbuka.

Kisha wakaanza kujenga choo. Kilikuwa chini kule karibu na geti, milango mitatu, na marumaru mpaka nusu ya ukuta. Mimi kwa nyonga ile nilikuwa siwezi kuvuka kizingiti cha chumba. Nilikuwa najisaidia kwenye kiti cha plastiki ambacho mume wa Honorata alikitoboa kwa kisu cha moto, ndoo chini. Nikamwita fundi dirishani.

"Hicho choo ni cha nani?"

"Bosi kasema kiwe cha watu wengi, mama."

"Watu gani? Hapa ni mimi, na binti yangu akija kunihudumia."

Fundi akarudi kuchanganya zege.

Jumamosi moja Evarist mwenyewe akaja. Alinisalimia, "Shikamoo Mama," akaniwekea juisi za boksi mezani, akatoka. Nikamwona uani na Aloyce, wanapima ardhi kwa hatua. "Hapa yakae maturubai," alikuwa anasema, akipunga mkono juu ya kahawa za baba yake. "Hii mistari miwili tuikate. Magari yageuzie kule. Jukwaa la mapadre liwe huku, jua lisiwapige."

Mtu mwingine angehitaji kuelezwa. Mimi nimeshona sare za msiba miaka yote ya kazi yangu. Nimeletewa vitenge vya jora zima na watu wanaonong'ona, "Fundi, fanya haraka, daktari amesema hafiki Jumapili," na marehemu mwenyewe yuko kitandani anakunywa uji. Najua kwamba huku kwetu nyumba ya mlimani hupakwa rangi kwa sababu mbili: Krismasi na maziko. Mtu anaweza kumwacha mama yake alalie godoro lililobonyea, lakini wageni wa kutoka Dar wakija kumzika wakakuta choo cha shimo, hiyo aibu ataibeba vizazi vitatu. Mwanangu, ambaye neno kifo ni uchuro kinywani mwangu, alikuwa ameshanijengea msiba wenye marumaru. Kilichobaki ni mimi tu kukamilisha ratiba.

Nilicheka mpaka nyonga ikaniambia basi. Halafu nilikasirika, na hasira ile ilinipa nguvu kuliko juisi zake zote.

Sikumwambia kitu. Nilingoja Krismasi, ambapo kila Mchaga anayejiweza hupanda mlimani kuonyesha gari lake. Baada ya misa walijaa sebuleni, nyama imeiva, mbege inazunguka. Nikamwambia Honorata na mumewe wanibebe na kiti changu mpaka katikati yao. Kata ya mbege ikaacha kuzunguka. Mgonjwa wa kufa anatakiwa asikike kwa kukohoa tu.

"Nataka kusema habari za kufa kwangu," nikasema.

"Mama!" Evarist akasimama. "Siku ya Krismasi, jamani?"

"Ndiyo siku mnayopatikana. Kaa. Kile choo cha getini ni cha nani?"

"Cha wageni."

"Wageni wa nini?"

Alijiongezea nyama ambayo hakuila. Hakuna aliyemsaidia.

"Waombolezaji wameshapata pa kukaa na pa kujisaidia," nikasema, "basi na mimi nitakayeliliwa nipate nafasi ya kusema kidogo." Nikawaambia yote niliyomwambia Zuhura, polepole, kama ninavyomwelekeza mwanafunzi wa cherehani. Nikamaliza kwa kusema kwamba siku nikishindwa kusema, neno la Honorata ndilo neno langu.

Aloyce akaweka kata yake ya mbege chini. "Shemeji, wewe unajua mila. Honorata ameolewa. Ni mtu wa ukoo mwingine. Neno la mama husemwa na kifungua mimba wa kiume, na kama hayupo, nipo mimi."

"Shemeji, wewe jioni njia ya kwenda kwako unaambiwa na migomba. Ndiyo nikuachie njia ya kwenda ahera?"

Wengine walicheka, wengine waliguna. Evarist alitoka nje na simu sikioni, na sikusikia ikiita. Hawakukubaliana na lolote. Kesho yake magari yakashuka yote. Honorata alibaki ananichana nywele, akasema, "Nimesikia, Mama." Na mimi nilikuwa nataka hilohilo tu.

Masika iliyofuata nilizidiwa. Haya mengine nilisimuliwa na Honorata na Zuhura, kwa sababu mimi nilikuwa naongea na marehemu mama yangu kuhusu ng'ombe. Homa ilinipanda, pumzi ikawa fupi, sikumtambua mtu. Honorata akampigia Zuhura. Aloyce akampigia Evarist. Evarist, akiwa dukani kwake Dar, akakodi gari la wagonjwa mjini Moshi, linipeleke hospitali, nikitulia nipandishwe ndege. Gari lilifika haraka sana. Njia yote ilikuwa zege.

Aloyce akaingia chumbani na dereva na machela. Walikuwa wameshanifunika blanketi. Honorata akawaambia Mama alikataa. Aloyce akamwambia asogee, hapa si kwao, na mama akifa huku ukoo utajua nani kamuua. Na hilo ndilo jambo lenyewe, msomaji. Kama wangenibeba, ningekufa nikitingishwa kwenye makona ya Kirua kati ya watu nisiowajua, au ningeamkia kwenye mipira niliyoikataa. Na kama wangeniacha nikafa, Honorata angeitwa muuaji mpaka kaburini kwake, kwa sababu ya neno langu mimi.

Binti yangu akatoka nje. Aloyce alidhani amekimbia. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, akavunja jani la isale, akalifunga fundo. Kwetu isale hupandwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lile limefungwa fundo, hukatai kumsamehe. Ukimkatalia, balaa linakugeukia wewe. Kwa kawaida huletwa baada ya kosa. Honorata alilileta kabla. Alirudi chumbani na matope miguuni, akapiga magoti mbele ya machela, akamwekea baba yake mdogo mkononi.

"Nisamehe, baba mdogo."

"Kosa gani?"

"La kukukatalia. Nakukatalia sasa hivi."

Zuhura ndiyo kwanza alikuwa anaingia, matope mpaka magotini, pikipiki imemshinda kwenye kilima cha njia ya mkato. Anasema Aloyce alisimama na jani mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Hakuweza kulitupa. Hakuweza kulirudisha. Dereva, ambaye hakuwa mtu wa huku, aliuliza kama wanaenda au hawaendi. "Umenifunga, mwanangu," Aloyce akasema, na akatoka kukaa kwenye ngazi, jani bado mkononi. Gari likashuka tupu.

Zuhura alimwambia Honorata ukweli: ni homa ya mapafu, dawa yake anayo, inaweza kukubali na inaweza isikubali. Honorata akasema, "Mchome." Akakaa kitandani, akanishika mguu. Kulipokucha nilisikia mvua kwenye bati, nikauliza kwa nini nyumba inanuka mtori wa ndizi na mimi sijapewa.

Naandika haya kahawa ikianza kuiva. Sijapona, msinielewe vibaya. Nyonga ipo, mofini imeongezwa, miguu imekuwa myembamba kama ya kuku wa sikukuu. Lakini nashona matundu ya vifungo nikiwa nimeegemea mto, na sina hofu niliyokuwa nayo. Kwenu mnaopita njia hii: semeni mapema, semeni mbele ya watu, na mseme mkiwa na hasira ikibidi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na ndugu zenu wana haraka ya kilio.

Ila nimeiruka siku aliyofika Evarist.

Alifika siku ya pili baada ya ile homa. Kupitia dirishani niliona gari lake linaingia, na ndani yake, nyuma ya kiti cha dereva, suti nyeusi imetundikwa kwenye nailoni ya dobi. Alikuwa ameendesha kutoka Dar akiwa na hakika. Akaingia, akamkuta Honorata ananilisha mtori kwa kijiko.

"Pole na msiba," nikamwambia.

Nilitegemea akasirike. Alikaa sakafuni, mtu mzima wa miaka yake, na suruali yake ya pasi, akalia kama alivyolia siku tulipomzika baba yake. Alisema alipokuwa njiani alijaribu kukumbuka nilichosema siku ya Krismasi, ili awaambie watu pale kwenye maturubai, na hakukumbuka hata neno moja, kwa sababu alikuwa amejizuia kusikiliza. Alisema kujenga anajua. Kusikiliza mama yake akisema atakufa, hajui.

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, makali, nimeyatunza tangu vuli. Nikayaangalia yote na sikuona linalofaa. Honorata akachukua bakuli, akatoka.

Baadaye akapangusa uso kwa mkono wa shati, akauliza, "Mama, ukizidiwa tena, unataka nifanye nini?"

Tangu niugue, watu walikuwa wameniuliza mambo mengi, na mwanangu hakuwa ameniuliza lolote ambalo jibu lake hakulileta mwenyewe.

"Usinipeleke popote," nikamwambia. "Wewe njoo."